Mahali pa Kiapo: Kwa Nini Kamishna wa Viapo Aende Gerezani



Nilikusudia kuzungumzia historia ya hati na ushahidi katika pwani ya kusini. Nimeghairi. Katika kongamano moja la wanasheria, mwenzangu ninayemheshimu alisema kwamba kumtaka wakili, akiwa kamishna wa viapo, afunge safari hadi gerezani ili mfungwa aape mbele yake ni ushamba. Muhuri ni muhuri, alisema. Karatasi ije mjini, igongwe, irudi. Tena siku hizi kuna video. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na jioni hii nitaeleza kwa nini.

Nani anaweza kuwa kamishna wa viapo, na anatofautianaje na mthibitishaji wa umma, hayo mnayajua, nayapita. Naanzia kifungu cha 8 cha Sura ya 12 ya sheria zetu, inayohusu makamishna wa viapo. Kinamtaka kamishna aandike kwa ukweli, mwishoni mwa kiapo, mahali kilipoapwa na tarehe yake. Katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, Mahakama ya Rufani ilikataa kukichukulia kifungu hicho kama pambo: kutaja mahali ni sharti. Mwenzangu atanijibu kwamba tangu 2018 tuna kanuni ya lengo kuu, inayoitaka mahakama itazame haki kabla ya ufundi. Sawa. Mfungwa asiadhibiwe kwa mahali palipokosewa, aruhusiwe kurekebisha. Lakini kanuni hiyo haikumpa wakili ruhusa ya kuandika kwamba mtu aliapa mbele yake Lindi mjini, ilhali siku hiyo mtu huyo alikuwa na jembe mkononi katika shamba la Gereza la Kingurungundwa. Huo si upungufu wa ufundi. Ni uongo, na aliyeusema ndiye tuliyemweka awaapishe wengine waseme kweli.

Wengine wanapendekeza njia ya mkato: ofisa magereza apewe mamlaka ya kuapisha, yeye yupo palepale. Tuitazame kazi yenyewe. Mfungwa ana siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la rufaa, na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa Mahakama Kuu. Karatasi zake hupita mikononi mwa mkuu wa gereza. Akichelewa, huomba kuongezewa muda, na ombi hilo huambatana na kiapo. Kiapo hicho, mara nyingi, husema nini? Kwamba alimkabidhi afande karatasi mapema, na hajui zilikwama wapi. Mahakama ya Rufani, ikiwa Mwanza, katika ombi la mfungwa mmoja la mwaka 2011, ilikiri kwamba mtu wa namna hiyo hana mamlaka juu ya mambo yake. Yuko chini ya mkuu wa gereza. Sasa afande ndiye ashuhudie kiapo kinachomlalamikia afande? Kifungu cha 7 cha Sura ileile ya 12 kinamzuia kamishna kuapisha katika shauri ambalo ana maslahi nalo.

Video naipa heshima yake. Kanuni za 2021 zimefungua mlango wa mashauri kuendeshwa kwa mtandao, na mimi sijasahau Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, wakili wa Dar es Salaam asiweze kuja kusini kwa gari hata angetaka. Siku kama hizo, video na itumike. Lakini kamishna aliye mbali haishiki karatasi inayowekwa dole gumba. Hajui kama ukurasa uliosomwa ndio uliotiwa alama. Na kifaa kinashikwa na nani? Na afande yuleyule.

Nikiwa wakili kijana niliingia gereza moja la kusini. Simu ikabaki getini; muhuri na pedi ya wino vikageuzwageuzwa kana kwamba ni silaha. Aliyeletwa alikuwa mzee wa Kilangala, na kiapo chake kilikuwa kimechapwa mjini na mtu asiyepata kumwona. Nikamsomea aya baada ya aya. Nilipofika penye maneno kwamba alichelewa kwa sababu ya maradhi, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mie sijaumwa hata mafua. Nilikuwa nangoja nakala ya hukumu. Haijaja."

Wanasheria mliomo humu mmeshatabasamu. Sheria huutoa muda wa kungoja nakala katika hesabu ya zile siku 45. Huenda mzee hakuwa amechelewa hata kidogo, na karatasi iliyokuja kumwokoa ilikuwa inamtwisha ugonjwa ambao angetakiwa kuuthibitisha kwa cheti cha hospitali. Muhuri wa mjini usingeligundua hilo.

Hapa mnivumilie, maana nafika kwenye andiko nilipendalo kuliko vifungu vyote. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qurani, inahusu kuandikiana deni. Inataka mwandishi mwadilifu na mashahidi. Lakini tazameni nani anaambiwa aseme maneno ya kuandikwa: ni yule anayedaiwa, yaani yule ambaye maandishi yatambana. Kama ni dhaifu au hawezi kutamka, basi msimamizi wake aseme kwa uadilifu. Mwandishi hatungi, anasikiliza. Najua deni si kiapo, na nimeshakosolewa kwa kuvichanganya. Bado sijaona katika vitabu vyetu vya utaratibu mahali palipoeleza vizuri zaidi kazi ya mtu mwenye kalamu mbele ya mtu asiye na kalamu.

Wala msidhani ni rufaa tu. Mkulima wa Kilangala akiwa mahabusu, mikorosho haimngoji. Mauzo hupitia chama cha ushirika cha wakulima, yaani AMCOS, na malipo huingia benki kwa jina lake. Mkewe au mdogo wake hawezi kuzigusa fedha hizo bila hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. Hati hiyo ndiyo inayogeuzwa kirahisi kuwa wizi, kwa sababu mwenye mali yuko ndani na muhuri uko nje.

Ninachopendekeza ni kidogo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imekwisha kutambua kwamba msaada huo ufike magerezani, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imeonyesha kwamba safari hizo zinawezekana. Basi iwepo ratiba ya kudumu ya makamishna kuzunguka magereza ya Kilwa na Lindi, nauli ilipwe na umma, na kila kiapo kiandikwe jina la gereza kilipoapwa. Minada ya korosho huanza Oktoba. Mzunguko wa kwanza uwe Septemba.