FENI YA TORORO
Mazungumzo ya kikundi cha mafundi, siku ya kumbukumbu



Tumeombwa tuseme machache juu ya maisha ya Mulanda. Waliotangulia wamekwisha kueleza habari za mahema, za posho na za foleni ya maji, nasi hatutazirudia. Sisi tulikuwa mafundi watano wa redio na umeme, na tunalolikumbuka zaidi ni feni moja.

Tulivuka Busia na Malaba Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Vibanda vyetu vilikuwa vimeteketea pamoja na vifaa. Kambini hapakuwa na umeme, kwa hiyo tulikwenda mjini Tororo kutafuta vibarua, tukiwa na bisibisi mbili, koleo moja na testa.

Siku moja mama mmoja mwenye duka alitutolea feni ya meza, ya chuma kitupu, nzito kama jiwe la kusagia. Kibao cha nyuma kilisema imetengenezwa Uingereza, volti 200 hadi 250. Feni za namna hiyo ni za wakati umeme ulipokuwa bado mgeni huku. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 nyaya za kilovolti 132 zikapitia Tororo kupeleka umeme hadi Nairobi. Kumbe baadhi ya taa za Kenya tulizozisomea utotoni ziliwashwa na maji ya Nile, kupitia mji uleule tulioukimbilia!

Mama alitueleza kwamba feni si yake. Ilikuwa ya Mhindi wa duka la jirani, ambaye marehemu mumewe alimfanyia kazi. Agosti 1972 Idi Amin alipowaamuru Waasia waondoke katika muda wa siku 90, yule Mhindi aliiacha feni kwa mumewe amtunzie. Hakurudi. Ikakaa juu ya kabati miaka 36.

"Wanangu, iamsheni," alisema. "Akija mtu wake nisimpe chuma kilichokufa."

Tukaitia guniani. Njiani kurudi kambini, mmoja wetu akasema ndani ya mota mna shaba, na mnunuzi wa vyuma chakavu atalipa jioni hiyohiyo. Tumwambie mama imeungua. Hatufichi jambo, wawili walimuunga mkono. Watoto walikuwa na njaa. Fundi aliyetuzidi umri akamuuliza, "Na cherehani yako uliyomwachia jirani kule kwenu, naye afanye vivyo hivyo?" Hakujibiwa. Gunia likaendelea na safari.

Tuliifungua mchana mbele ya hema. Oili ilikuwa imeganda kama lami, shafti haizunguki hata kwa mkono. Tuliziosha bushi kwa mafuta ya taa, tukabadilisha ile sufi inayoshika oili, tukatia oili ya cherehani. Vijana, msitie mafuta ya kupikia! Yanalainisha wiki moja, kisha yanakuwa gundi. Mota tuliianika juani siku mbili ili unyevu utoke kwenye koili. Mapanga yalikuwa yamepinda. Tuliyapima kwa kijiti, moja baada ya jingine, mpaka yote yakapita umbali sawa, maana panga moja likizidi feni nzima hutetemeka na kula bushi. Rangi hatukuigusa ila kwa sabuni. Kuna mafundi ambao kwao kutengeneza ni kupaka rangi, nasi hatuwaamini.

Waya wake ulikuwa wa nyuzi mbili tu, na mpira wake ukimong'onyoka vidoleni. Mwili wa feni ni chuma. Waya moto ukigusa mwili, anayeishika ndiye anayeupeleka umeme ardhini. Tulifunga waya wa nyuzi tatu, wa tatu, yaani erthi, ukakazwa kwenye chuma chenyewe. Hata leo tunakuta humu watu wamekata erthi kwa sababu plagi haiingii. Jamani, acheni.

Tulirudi dukani kuijaribu. Hatukuichomeka moja kwa moja, bali tulipitisha umeme kwanza kwenye balbu ya wati 60. Koili ikiwa imegusana ndani, balbu huwaka kwa nguvu zote na feni inasalimika. Balbu iliwaka hafifu. Tulipoitoa, feni ikanguruma tu bila kuzunguka. Ukisukuma panga kwa kijiti inakwenda kidogo. Hiyo ni dalili ya kapasita iliyokufa, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza. Kwa haraka yetu tukatia ya redio, isiyohimili umeme wa nyumbani unaogeuka huku na huku. Ikapasuka mbele ya mama, moshi ukajaa dukani. Siku hiyo tuliona aibu.

Ilihitajika ya maikrofaradi 2, volti 400. Mwenzetu yuleyule aliyetaka kuuza shaba ndiye aliyejitolea kwenda Busia, soko la Sofia, upande wa Uganda, akaing'oa kwenye feni mpya iliyovunjika. Alitueleza baadaye kwamba alikaa nusu saa akitazama bodaboda za baiskeli zikivuka kwenda kwetu na kurudi, na yeye miguu ikakataa.

Feni ilizunguka jioni hiyo, kimya, na wavu wake ukapeleka upepo kila pembe. Mama alileta kiti, akakaa mbele yake na kitambaa chake kikipepea. Alitulipa fedha na debe la mahindi. Kisha akaizima, akaifunika kwa kanga, akairudisha juu ya kabati.

Baadaye mwaka huohuo wengi wetu tulihamishiwa Kiryandongo. Hadi tunaondoka, mwenyewe hakuwa amekuja.

Mwenye cherehani alirudi kuiulizia mwaka 2011. Jirani alikuwa ameiuza.