Tujifunze Kuandika kwa Kusahihisha: Wito kwa Parokia za Kigoma na Ujiji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Kigoma mjini)



Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea wa Kigoma na Ujiji: walimu, makatibu wa parokia na vijana waliomaliza sekondari. Tunakutana mara moja kwa wiki kusoma na kusahihisha makala za Wikipedia ya Kiswahili. Tumeombwa tueleze kazi hii ni nini, inaisaidia vipi parokia, na tunahitaji nini ili iendelee.

Kazi yenyewe

Wikipedia ni kamusi elezo inayosomwa bure kwa njia ya intaneti. Ilianzishwa kwa Kiingereza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Leo ile ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000. Haina waandishi wa mshahara. Msomaji yeyote akiona kosa anabonyeza neno "Hariri", anasahihisha, anaeleza kwa kifupi alichobadilisha, kisha anahifadhi. Simu ya kawaida yenye intaneti inatosha.

Watu huuliza: je, mtu akiharibu? Kila badiliko hubaki katika sehemu inayoitwa "Historia", pamoja na tarehe na saa. Likiwa baya, mwingine hulirudisha lilivyokuwa. Wahariri wakitofautiana, kuna ukurasa wa "Majadiliano" ambapo kila mmoja hutoa sababu zake. Na makala ambayo bado ni fupi mno huitwa "mbegu", maana yake inangoja wa kuipalilia.

Kwa nini kusahihisha kwanza

Mgeni akijiunga nasi huwa na hamu ya kuandika makala mpya siku hiyo hiyo. Tunamwomba asubiri. Kwa wiki za mwanzo anasahihisha kazi za wengine tu.

Sababu yake wazee walikwisha kuisema: nyani haoni kundule. Mtu akisoma alichoandika mwenyewe, macho yake husoma alichokusudia kusema, si kilichopo kwenye karatasi. Lakini akisoma kazi ya mwenzake, mara moja anaona sentensi iliyopinda, neno lililorudiwa, na tarehe isiyo na ushahidi. Akiona kosa lile lile mara kumi katika kazi za wengine, mara ya kumi na moja atalitambua katika kazi yake.

Tuchukue sentensi ya aina hii, ambayo hupatikana sana katika maandishi yaliyotafsiriwa neno kwa neno: "Ziwa Tanganyika liko limegawanywa miongoni mwa nchi nne ambazo ni zinazolizunguka." Tunaisoma kwa sauti. Kila aliyepo anacheka, kisha tunauliza: mama wa sokoni Kibirizi angeisemaje? Baada ya dakika tano tunapata: "Ziwa Tanganyika limepakana na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia." Sentensi imekuwa fupi, na imetaja nchi zenyewe. Kijana aliyeshiriki zoezi hilo hahitaji mhadhara mrefu wa sarufi.

Mifano kutoka kwetu

Kusahihisha si lugha tu. Ni kuuliza: habari hii ni kweli, na tunaijuaje? Mwambao wetu unatupa mazoezi mengi.

Mfano wa kwanza ni tarehe ambayo Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji. Kitabu cha Stanley kinasema 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaiweka siku hiyo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wamesafiri na kuugua kwa muda mrefu, na hesabu za siku zao hazilingani. Mhariri mwenye haraka huchagua tarehe moja na kufuta nyingine. Mhariri mwaminifu huandika zote mbili na kumwambia msomaji kila moja imetoka wapi.

Mfano wa pili ni jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakasafiri pamoja kwa mtumbwi kuitazama ncha ya kaskazini ya ziwa, na huko wakapita Mugere. Jiwe halikudanganya. Waliolisoma bila kuuliza ndio waliopotoka.

Mfano wa tatu ni dagaa. Sisi hapa tukisema dagaa tunajua tunachosema. Lakini dagaa wa Ziwa Viktoria ni samaki wa aina nyingine kabisa, na dagaa wa baharini nao ni wengine. Dagaa wa Kigoma wenyewe ni aina mbili zinazovuliwa pamoja usiku kwa taa. Anayeandika "dagaa" bila kutaja maji anayoyazungumzia amewachanganya samaki ambao hawakupata kuonana. Kosa hili msomi wa mbali anaweza kulipita bila kuliona, na mvuvi wa Katonga akaligundua papo hapo. Ndiyo maana tunasema kazi hii si ya wenye shahada peke yao.

Mfano wa nne ni maandishi yaliyopitwa na wakati. Mwaka 2012 mkoa wetu uliongezewa wilaya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1 mkoani, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 2.5. Ukurasa unaotumia hesabu ya zamani bila kutaja mwaka unampotosha anayepanga zahanati au shule. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: kila takwimu iende na mwaka wake.

Walisimulia, akaandika mwingine

Ndugu zetu, kuna jambo la kihistoria ambalo tungependa mlifikirie. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake wa safari, wakiwamo Abdullah Susi na James Chuma, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Wote wawili walikuwa naye Ujiji alipofika Stanley. Mwaka 1874 walipelekwa Uingereza, na huko walikaa na Horace Waller aliyekuwa akiyaandaa maandishi ya mwisho ya Livingstone yachapwe. Walimweleza njia walizopita, majina ya mahali, na jinsi mzee alivyokufa. Kitabu kilitoka mwaka huo huo, na majina yao yametajwa mwanzoni mwake. Lakini aliyeshika kalamu alikuwa Waller. Wao walisimulia, yeye akachagua nini kiingie na nini kiachwe.

Hatusemi haya kwa uchungu. Tunayasema kwa sababu kwa muda mrefu habari za mwambao huu zimeandikwa na watu waliokuwa wakipita: wasafiri, wamisionari, maofisa, watafiti. Wengi walifanya kazi nzuri. Hata hivyo, leo mtoto wa Mwandiga akiuliza simu yake habari za Ujiji, anajibiwa kutokana na yale yaliyokwisha andikwa. Hata programu za kompyuta zinazojibu maswali kwa Kiswahili hufundishwa kwa maandishi yaliyomo kwenye intaneti, Wikipedia ikiwamo. Tusipoandika, na tusiposahihisha, kosa la mtu mmoja litajibiwa kwa watoto wetu kana kwamba ni kweli. Na leo hatuhitaji Waller wa kutuandikia.

Faida kwa kamati za parokia

Wajumbe wa kamati watauliza: yote hayo yanahusu nini visima vyetu na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa?

Yanahusu sana. Fikirieni taarifa ya mradi inayosema: "Mradi wa maji umepata mafanikio makubwa na wananchi wamefurahi sana." Mtu aliyezoea kuhariri atauliza mara moja: kisima kipo kitongoji gani? Kilianza kutoa maji mwezi gani? Kaya ngapi zinachota? Nani alihesabu? Na kile kilichoharibika kwa nini hakikutajwa? Maswali hayo ndiyo anayouliza mfadhili akiwa mbali, ila mara nyingi huyauliza baada ya taarifa kumfikia, na majibu huchelewa miezi. Katibu aliyejifunza kuuliza mapema huandika taarifa ambayo haihitaji barua tatu za ufafanuzi.

Pia kuna faida ya tabia. Mtu ambaye kazi yake imesahihishwa hadharani na mgeni asiyemjua, akalazimika kujibu kwa sababu badala ya hasira, amejifunza jambo ambalo linafaa hata katika vikao vyetu. Kwenye ukurasa wa "Majadiliano" hakuna mwenyekiti wala mtoto wa mwenyekiti. Kuna mwenye ushahidi na asiye nao.

Mambo ambayo kazi hii haiwezi kufanya

Tungependa kuwa wawazi, hasa kwa wafadhili. Kwanza, Wikipedia si mahali pa kutangaza miradi yetu. Makala ya kujisifu hufutwa, na ni haki ifutwe. Anayetaka kuandika juu ya shirika lake mwenyewe anashauriwa kuwaachia wengine.

Pili, hairuhusiwi kunakili kitabu au gazeti la mtu. Habari husomwa, hueleweka, kisha huandikwa upya kwa maneno yetu, na chanzo hutajwa.

Tatu, na hili ndilo gumu kwetu, kamusi elezo hii hutaka vyanzo vilivyochapwa. Neno la bibi wa Ujiji mwenye miaka tisini halikubaliki kama chanzo, hata kama anajua mengi kuliko vitabu. Wengine hukasirikia kanuni hiyo. Sisi tumeichukua kama onyo. Inatuonyesha ni kiasi gani cha historia yetu kimo vichwani mwa wazee na hakipo penginepo. Dawa yake ni kuandika na kuchapa kwanza: masimulizi ya wazee, vitabu vya jubilei za parokia, historia za shule na mialo ya uvuvi, pamoja na jina la msimuliaji kwa ridhaa yake, na nakala kuwekwa maktaba. Vitabu hivyo vitapimwa kama vyanzo vingine. Lakini kisichoandikwa hakiwezi hata kupimwa.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia tunaomba mambo manne:

1. Kila parokia ichague watu wanne au watano, wake kwa waume, wanaopenda kusoma. Elimu ya juu si sharti.
2. Wakutane mara moja kwa wiki kwa saa mbili. Mwezi wa kwanza wasahihishe tu: tahajia, sentensi zilizopinda, takwimu zisizo na mwaka.
3. Kila mmoja asome kwa sauti alichosahihisha mwenzake kabla hakijahifadhiwa.
4. Baada ya miezi mitatu wachague "mbegu" moja inayohusu eneo lao, kijiji, mto, samaki au shule, waipalilie mpaka ikue.

Wanaojiunga wanaweza kutumia jina la bandia, na kwa vijana tunashauri wafanye hivyo kwa usalama wao. Na picha za watu zisiwekwe bila ridhaa yao.

Kwa wafadhili, mahitaji yetu si makubwa: vifurushi vya intaneti, kompyuta moja iliyotumika kwa kila kikundi, na kamusi mbili, yaani Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA. Vinginevyo tutachangia sisi: muda wetu, chumba cha mikutano na chai. Msitupime kwa wingi wa makala. Tupimeni kwa kufungua sehemu ya "Historia" na kuona ni mabadiliko mangapi yetu yamesomwa na wahariri wengine na yakaachwa yasimame. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa kila mtu, hata tukilala.

Wengi wetu tumekua na Kiha nyumbani, au Kibembe, au lugha nyingine za pande mbili za ziwa, na Kiswahili tumekikuta shuleni na sokoni. Tusilione hilo kuwa kizuizi. Wanaojiunga hawatakiwi waje wakijua kila kitu. Watakiwe waje na macho ya kuona, subira ya kuuliza, na moyo wa kukubali kuulizwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Wiki ijayo tunaanza na makala za vijiji vya mwambao. Wanaotaka kushiriki watuone mlangoni baada ya kikao, waandike majina.