Alama ya X Ukutani



Barabara kuu itokayo Mwanza, ikipita Bunda na Makutano hadi Sirari, ina alama tuzijuazo: vibao vya mwendo, mistari ya katikati, pundamilia mbele ya shule. Wang'oao vibao na kuviuza kama vyuma chakavu wanahatarisha roho za watu. Lakini leo twasema juu ya alama ichorwayo ukutani mwa nyumba, yaani X.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. X nyekundu yamaanisha mwenye nyumba ameingia hifadhini, naye hubomoa bila fidia. X ya kijani yamaanisha barabara ndiyo iliyomfuata. Huyo anastahili fidia eneo lake litakapohitajika.

Asiyejua tofauti hiyo huiona X yoyote, akahofu, akauza mabati yake kwa bei ya kutupa. Twamkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Hata hivyo Ahabu alitaka bustani yake mwenyewe, na barabara ni yetu sote, hatuipingi. Twadai tu kwamba aliyeitangulia sheria asihesabiwe mvamizi.

Basi, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mtembeleeni kila mwenye X. Pimeni kwa futikamba toka katikati ya lami, ulizeni nyumba ilijengwa mwaka gani, tafuteni hati zake, kisha msindikizeni ofisi ya TANROADS ya mkoa kabla hajang'oa bati la kwanza.