Ngozi ya Bandia na Sumu ya Mpako Wake



Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Ufipa ni nchi ya mifugo. Hata hivyo, siti za bodaboda na makochi ya Sumbawanga kwa sehemu kubwa huvikwa ngozi ya bandia. Simlaumu mnunuzi, bei ndiyo inayoamua. Swali langu ni moja: imepakwa nini?

Tazameni siti iliyochanika. Chini kuna kitambaa, katikati tabaka la sponji, na juu utando mwembamba uliotiwa vinyweleo kuiga ngozi. Kitambaa hakina neno; kesi iko juu. Utando wa PVC hulainishwa kwa kemikali ambazo baadhi yake, hasa za kundi la thaleti, huvuruga homoni. Zikitoka kwa jua na joto, siti hukakamaa na kupasuka. Utando wa poliyurethani kwa miaka mingi umeyeyushwa kwa DMF, kimiminika kinachopenya mwilini kupitia ngozi ya mfanyakazi, kikaumiza ini na kuhatarisha mimba. Kitambaa kilichopakwa hutumbukizwa majini ili DMF itoke. Kiwanda kisichoyasafisha maji hayo humwaga sumu mtoni.

Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuibana DMF: katika hewa anayovuta mfanyakazi isizidi miligramu 6 kwa mita ya ujazo. Wapakaji wa vitambaa walipewa muda hadi Desemba 2024.

Njia mbadala ipo: poliyurethani iliyotawanywa majini kwa chembe ndogo mno. Maji yakikauka, chembe hushikamana na kuwa utando. Lakini tusidanganyane. Hiyo nayo ni plastiki, na kukausha maji hula nishati nyingi. Tena hapa kwetu Sumbawanga, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, baridi ya Juni na Julai inaweza kuzizuia chembe zisishikamane, utando ukachanika mapema. Karakana ya Ufipa itahitaji chumba cha joto kabla ya kuhitaji mashine ya kifahari.

Mbarika nao unastahili utafiti kama chanzo cha mpako. Takriban asilimia 90 ya asidi za mafuta yake ni asidi ya risinolei, inayoweza kuungana na kemikali iitwayo aisosayanati kutengeneza poliyurethani. Aisosayanati yenyewe hudhuru mapafu, kwa hiyo kazi hiyo ianzie maabara, si uani. Na kuhusu kitambaa chenyewe, Wafipa walifuma vitambaa vya pamba kabla ya ukoloni. Kitambaa cha kupaka si kigeni kwao.

Ngozi ya bandia isiitwe safi eti kwa sababu haikutoka kwa mnyama, wala ngozi halisi isisifiwe huku maji ya kromi ya kusindikia ngozi yakimwagwa ovyo. Naliomba Shirika la Viwango Tanzania lidai kila jora liandikwe aina ya mpako wake. Nanyi mafundi wa siti na makochi, msinunue jora kabla ya kuuliza.