Kupokeana Katika Nyumba Moja

Maneno ya mwalimu wa dini katika sherehe ya yubile ya parokia, Makomeno



Baba Paroko ameniomba niseme nanyi juu ya kupokeana kwa Wakristu. Nimeitika kwa woga, kwa maana jambo hili ni rahisi kulisifu na ni gumu kulitenda.

Tuanze na mji wetu. Mwaka wa 1910 njia ya reli ilifika hapa ikitoka kusini, na mji wa Elisabethville ukaanza kujengwa. Mwaka ule ule wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walifungua misioni yao, na mwaka wa 1911 Wasalesiani wakafuata. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilitafuta wafanyakazi mbali: Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, hata Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Watu hao walikutana na wenyeji wa inchi hii, wakashuka katika mgodi mmoja, wakalala katika kambi moja. Kiswahili tunachosali nacho si urithi wa kabila moja la hapa. Kilitoka mashariki kwa njia za misafara, kikakua kambini, kwa kuwa watu walitaka kuelewana. Basi, kila mara tunaposali Baba Yetu kwa lugha hii, tunakumbuka ya kuwa wazee wetu walikubali kupokeana.

Lakini historia yetu ina pia ukurasa wa machozi. Mwezi wa nane 1992, Bwana Étienne Tshisekedi alipochaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa kuwa waziri wa kwanza, chuki juu ya watu wa Kasai iliwaka katika Katanga. Walifukuzwa Likasi, na mwaka wa 1993 Kolwezi pia. Jamaa nzima zilikaa stesheni miezi na miezi zikingojea treni, na wengi walikufa kabla ya kusafiri. Wengi kati yao walizaliwa huku, Kasai hawakuijua. Tena tusifiche neno hili: wengi wa wale waliofukuzwa na wengi wa wale waliofukuza walikuwa wamebatizwa katika Kanisa moja.

Mimi wakati ule nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Katika benchi la masomo nilikaa na rafiki ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Karanga zake alinigawia kila siku. Siku zile watu waliwaita wenzetu "bilulu", ni kusema wadudu. Nami niliimba neno lile njiani pamoja na watoto wengine, naye alinisikia. Hakujibu kitu. Juma lililofuata nafasi yake katika benchi ilikuwa wazi, wala sikumwona tena. Nilikuwa nimekwisha kupokea Komunyo ya kwanza. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Hata leo, kila ninapofundisha watoto amri ya mapendo, namwona yeye.

Ndiyo sababu narudi mara kwa mara katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Kule Yeruzalemu, Wakristu wenye kusema Kigiriki walinung'unika kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Oneni: Kanisa la kwanza kabisa, lililoongozwa na Mitume wenyewe, lilikwisha kuingiwa na ubaguzi! Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa kuwa wote ni ndugu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo ule. Na majina yote saba, toka Stefano mpaka Nikolao, ni majina ya Kigiriki. Waliosahauliwa mezani walipewa kazi ya kugawa. Katika seminari ndogo tulifundishwa ya kuwa neno "katolika" maana yake ni "ya wote". Kumpa mgeni nafasi katika benchi ni vema, lakini haitoshi. Tumpe na ufunguo pia.

Basi tujichunguze. Leo tena treni zinaleta watu wa Kasai wanaotafuta kazi, na wengine wamekimbia vita vya mashariki. Nani amewatembelea? Katika jumuiya zetu ndogo, nani anashika sanduku la michango? Kwaya inaimba kwa lugha za nani? Mgonjwa asiye na jamaa mjini, nani anamlinda usiku? Katika matanga ya mtu asiye wa kabila letu, tunakesha mpaka asubuhi, ao tunaaga mapema?

Ndugu wapenzi, katika kitabu cha Walawi, Mungu alipoagiza mwaka wa yubile, aliwakumbusha watu wake ya kuwa inchi ni yake, nao ni wageni na wapitaji tu mbele yake. Hapa Makomeno hakuna mwenyeji na mgeni; mwenye nyumba ni mmoja, nasi sote ametupokea. Mtume Paulo anatuomba tupokeane vivyo hivyo.

Rafiki yangu yule, kama yu hai, pengine hatasoma kitabu hiki. Mbele yenu ninyi naomba msamaha wake. Na mtoto wake akifika siku moja kwenye mlango wa kanisa letu, msimwulize atokako. Msogeeni, akae.

Tumsifu Yezu Kristu.