Tusiache Chenga za Mawe Chini



Sisi wa mradi tumekuja kuzungumza juu ya kitu tunachokikanyaga kila siku: chenga zinazobaki chini baada ya kokoto kupakiwa.

Hapa Tanga tumejaliwa mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamo ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Pongwe huyatumia. Ni laini kuliko granaiti, ndiyo maana nyundo huyapasua na mashine ya kuyasaga haichakai upesi. Jiwe likiwa zima, lisilo na vitundu wala udongo, hutoa kokoto nzuri ya zege.

Lakini kila tunapoponda, sehemu ya jiwe huwa chenga na unga, nasi huviacha. Wakati huohuo mteja wetu anaagiza mchanga wa mtoni, na uchimbaji wake hubomoa kingo, hula mashamba na kudhoofisha madaraja. Chenga zetu zinaweza kuwa mchanga huo.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, tuondoe udongo kwenye jiwe kabla ya kuponda. Pili, tuchekeche: kinachobaki juu ya wavu wa milimita 5 ni kokoto, itengwe kwa ukubwa, kinachopita ni mchanga. Tatu, tupunguze unga laini kwa kuosha. Unga ukizidi, zege hudai maji mengi, na maji mengi huondoa nguvu ya zege. Maji machafu yaingie shimoni, yasirudi mtoni. Punje za kusagwa zina kona kali, hivyo zege huwa gumu kidogo kukorogeka. Fundi asiongeze maji ovyo. Achanganye na mchanga wa kawaida. Tuanze na matofali. Nguzo na lenta zisubiri majibu ya maabara.

Kuhusu mashine, wapo akina mama wanaohofia kwamba itawanyang'anya riziki. Hofu hiyo ni ya haki. Mashine ya mtu mmoja itawageuza wengine vibarua. Mashine ya kikundi itapumzisha mikono yao. Kwa hiyo leseni itangulie. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inahesabu mawe, kokoto na mchanga kuwa madini ya ujenzi, na leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania. Kikundi chenye leseni kina sauti mbele ya mwenye mashine. Kisicho nayo hupangiwa bei.

Mwisho, tulinde macho na mapafu. Tuvae miwani, tunyunyizie mawe maji kabla ya kuponda, na watoto wakae mbali na vumbi. Hakuna tripu ya kokoto inayolingana na jicho la mtu.

Haba na haba hujaza kibaba. Chenga hizi ndizo haba yetu, tuzikusanye.