Habari za Mji wa Voi
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mji wa Voi, nasi tumekubali kwa furaha, maana mara nyingi habari za upande ule huwa ni habari za simba na za bwana aliyewapiga bunduki. Sisi tutasema habari za waliofanya kazi.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Ilipopita Mazeras ikaingia nyika ya Taru, nchi ya miiba isiyo na maji, hata maji ya kunywa yakawa yanapelekwa kwa gari la moshi mpaka pale reli ilipofikia. Mwishoni mwa 1897 ikafika mto Voi, yapata maili 100 kutoka pwani. Gari la moshi nalo halina budi kunywa maji, na baada ya nyika ile mto ulikuwa neema. Basi stesheni ikawekwa, na mji ukakua ubavuni mwake.

Wakati wa kujenga reli ile, vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Walikufa yapata 2,500, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wagonjwa au vilema. Hesabu hiyo twaijua kwa sababu waliandikwa. Watu weusi waliofyeka njia na kubeba mizigo hawakuandikwa vema namna hiyo, na ndiyo maana hesabu yao hatuisikii.

Sasa Tsavo, maili 30 hivi mbele ya Voi. Mwaka 1898 simba wawili walikula watu kwa muda wa miezi. Patterson, msimamizi wa daraja, aliandika kitabu juu ya jambo hilo, na watu wengi humkumbuka yeye. Lakini katika kitabu hicho hicho imo habari ambayo haisimuliwi sana. Mwezi wa Desemba vibarua walimwambia wazi kwamba mkataba wao ulikuwa wa kazi, si wa kulisha simba. Kisha wakalala juu ya reli, gari likasimama, wakapanda wakaenda zao pwani. Daraja likakaa wiki tatu bila kazi. Sisi twajua jina la jambo hilo.

Mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, reli ya jeshi ikajengwa kutoka Voi kuelekea Maktau, na mwaka 1916 ikapita Taveta ikaungana na reli ya Moshi. Voi ikajaa askari, nyumbu na wapagazi. Ukienda Voi leo utaona makaburi ya askari yametunzwa, kila jiwe na jina lake. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa homa na kuhara, na wengi wao hawana jiwe.

Baada ya vita maisha ya reli yalikuwa ya daraja tatu: Mzungu nyumba yake, Mhindi yake, Mwafrika chumba kimoja cha landhi, na mshahara vivyo hivyo. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, bandarini na katika reli pia, ilionekana wazi kwamba stesheni zote za bara hula kwa mkono wa kuli wa Kilindini.

Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika Mashariki likavunjika, na mpaka wa Tanzania ukafungwa. Njia ya Taveta ikapooza. Mwaka 2017 ikaja reli mpya, pana, na kituo kipya kikajengwa mbali na kile cha zamani. Abiria wanafurahi, nasi hatuwalaumu. Safari ni ya saa chache tu. Lakini mwuza ndizi wa stesheni ya kale anawauzia nani?

Jambo tulilo nalo ni hili. Wazee waliofanya kazi kwenye magengi, waliochochea moto, walioshika bendera na taa, wanapungua kila mwaka. Kadi zao za kazi, hati za mshahara na picha zimo ndani ya masanduku, na mzee akifa watoto huzichoma pamoja na takataka. Kamati yaomba kila mwanachama aliye na baba au babu wa namna hiyo amwulize jina la gengi lake, maili aliyotunza, na majina ya wenzake, ayaandike. Karatasi zikiletwa kwa katibu wa tawi zitanakiliwa, na mwenyewe atarudishiwa zake siku ile ile.